Pana Neno Hapa

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kuchanika. Muuguzi aliikunjua juu ya mkeka, akaibana kwa kikombe cha kahawa upepo usije ukaichukua, kisha akaweka ukucha kwenye mstari wa tatu.

"Hili hapa. Siku mbili silali kwa ajili yake."

Neno lenyewe: untoward.

Tulikuwa wanne barazani kwa Mwalimu, Ngamiani, Tanga, kahawa chungu na kashata zikizunguka. Mwalimu amefundisha Kiingereza na Kiswahili miaka thelathini na ushei. Sasa amestaafu, na kazi yake kubwa ni kusahihisha magazeti kwa kalamu kana kwamba mhariri ataleta daftari kesho asubuhi. Wakili ni kijana wa mtaa huohuo, hodari wa kusema, mvivu wa kusikiliza. Muuguzi ni binti wa jirani anayefanya kazi kwenye jaribio la chanjo, mahali ambapo hapahitaji kutajwa. Mimi nilikuwa nimejipa ukarani wa kikao, lakini mara mojamoja ukarani ulinishinda.

Ile karatasi ilikuwa maelezo ya kusomewa wazazi kabla hawajakubali mtoto aingie kwenye jaribio. Mwongozo wa kimataifa wa majaribio ya dawa, uliotolewa kwanza 1996 na unaofuatwa karibu kila pembe ya dunia, unasema linalopaswa kuandikwa ni jambo lolote la kitabibu lililo untoward likimpata mshiriki aliyepewa dawa, hata kama si dawa iliyolileta. Muuguzi alitakiwa kuligeuza hilo liwe Kiswahili cha mama aliyekaa kwenye benchi na mtoto mgongoni.

MUUGUZI: Mara ya kwanza niliandika "madhara yoyote". Msimamizi akapitisha kalamu nyekundu. Nikaandika "tukio lolote lisilotarajiwa". Nyekundu tena. Mara ya tatu akaniambia basi liache hivyohivyo kwa Kiingereza. Sasa Mwalimu, nimsomee mama untoward, yeye anijibu nini? Amina?

WAKILI: Dada, unajisumbua. Untoward ni baya. Andika "jambo lolote baya", twende zetu.

MWALIMU: Kijana, baya ni bad. Mwandishi wa mwongozo alikuwa na bad mkononi, akaiweka chini, akainyanyua hii. Mtu akiacha jembe akachukua kijiko, kabla ya kumcheka muulize anachimba nini.

Hapo Mwalimu alisogeza kahawa yake pembeni, ishara ambayo wote tunaijua. Darasa limeanza.

MWALIMU: Lifumue kwanza. Toward ni kuelekea. Hilo kila mtoto wa darasa la sita analijua. Ila zamani Waingereza walilitumia pia kama sifa ya mtu. Mtoto aliyekuwa toward ni yule mwepesi wa kufundishika, ukimwita anakuja, ukimwelekeza anashika. Sisi mtoto huyo tunamwitaje?

Kimya. Wakili aliitazama simu yake.

MWALIMU: Mwelekevu! Mnakula kashata zangu bure. Elekea, elekevu, mwelekevu. Waingereza walitoka kwenye kuelekea wakafika kwenye wepesi wa kufundishika, na sisi tulipita njia hiyohiyo bila kuongozana nao. Basi aliye untoward, tangu neno lilipozuka karne ya 16, alikuwa asiye mwelekevu. Kichwa maji. Katika King John ya Shakespeare kuna mama anamrushia mwanawe neno hilohilo kwa hasira. Na Biblia ya Kiingereza ya 1611, Matendo ya Mitume sura ya pili, mstari wa 40, Petro anawataka watu wajiokoe na kizazi, na kizazi chenyewe kinaitwa untoward.

MIMI: Na cha Kiswahili kinaitwaje?

MWALIMU: Tafsiri ya Union ilichukua ukaidi. Kigiriki chake ni skolios, kilichopinda.

MUUGUZI: Skoliosisi! Mgongo uliopinda!

MWALIMU: Ndiyo hiyo, mwanangu. Kwa hiyo usiniambie baya. Ni kilichopinda, kisichoelekea. Na Kiswahili nacho kinapima tabia kwa njia: mnyofu ni aliyenyooka, mpotovu ni aliyepotoka, mkengeufu ameiacha njia, na anayefanya asivyotakiwa anakwenda kinyume. Andika "jambo lisiloelekea", umemaliza.

Nakiri roho yangu ilipenda. Elekevu na toward ni ndugu wasiojuana, na kukutanishwa kwao kulistahili kahawa ya pili. Lakini kumjua babu wa mtu si kumjua mtu, na Wakili, kwa mara ya kwanza jioni ile, alikuwa amesikiliza.

WAKILI: Mwalimu, nikuulize swali la mahakamani. Bepari ni nani?

MWALIMU: Mnyonyaji.

WAKILI: Na neno limetoka wapi?

MWALIMU: (anacheka, anajua anakopelekwa) Kwa Wahindi. Vepari, mfanyabiashara. Kamusi za kale za Kiswahili zinasema hivyo pia, bepari ni mfanyabiashara tu, hana ubaya wowote.

WAKILI: Mwaka 1969 Nyerere alipotoa tafsiri yake ya The Merchant of Venice akaiita Mabepari wa Venisi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kuna msomaji aliyeona wafanyabiashara wasio na ubaya? Kwa asili ya neno, Nyerere hakukosea hata herufi. Kwa maana ya siku ile, alikuwa ameshatoa hukumu kabla pazia halijafunguliwa. Neno linageuka. Untoward nalo limegeuka, na mimi nitakwambia liligeukia wapi. Liliajiriwa serikalini.

Mwalimu alimpa ruhusa kwa mkono, kama hakimu.

WAKILI: Mwaka 1827 Wagiriki wanapigana wajitoe mikononi mwa Waturuki. Mwezi Julai, Uingereza, Ufaransa na Urusi zinatia sahihi mkataba London kutaka mapigano yasimame. Wanapeleka manowari, kusimamia utulivu, siyo kupigana. Kiongozi wao ni Admirali Codrington, Mwingereza. Tarehe 20 Oktoba anaziingiza manowari kwenye ghuba ya Navarino, na ndani zimejaa meli za Sultani na za Misri. Zinatia nanga karibu kiasi cha kutupiana chungwa. Mashua ya Waingereza inatumwa kwenda kuzungumza na meli moja ya upande wa pili, risasi inalia. Zikaanza kulia zote. Jua lilipozama, meli za Sultani na za Misri zilikuwa zimeteketea kwa makumi na maelfu ya mabaharia wamekufa. Ya washirika haikuzama hata moja.

MUUGUZI: Huo si ushindi?

WAKILI: Hapo ndipo kwenye kesi. Mtaani London ni ushindi. Lakini Sultani ni rafiki wa Uingereza, na akidhoofika atakayenufaika ni Urusi. Serikali mpya imeingia Januari 1828, ya Duke wa Wellington. Inatakiwa hotuba ya mfalme bungeni, tarehe 29. Waseme nini? Wakisema ushindi, Sultani amenuna. Wakisema kosa, wamemtukana admirali ambaye watu wanamshangilia. Wakisema ajali, nani ataamini ajali iliyochukua alasiri nzima? Wakaandika kwamba lilikuwa tukio untoward, wakasonga mbele.

MWALIMU: (polepole) Tukio lisiloelekea.

WAKILI: Lisiloelekea kwa nani? Ndilo swali walilolikwepa! Upinzani ulilishikia bango neno lile, na vitabu vya historia vinalinukuu mpaka leo. Codrington mwaka huohuo akaitwa arudi nyumbani. Angalia lilivyohama, Mwalimu. Zamani mtu ndiye aliyekuwa untoward, mtoto mkaidi, kizazi kikaidi. Unajua wa kumchapa. Mwaka 1828 ukaidi umetolewa kwa mtu ukavishwa tukio. Watu wamekufa kwa maelfu, na aliyekosa adabu ni Jumamosi!

Nilihesabu baadaye. Tarehe 20 Oktoba 1827 ilikuwa kweli Jumamosi. Wakili hubahatisha vizuri.

Nikamwambia kwamba neno la aina hiyo sisi tunalo tayari, hatuna haja ya kuazima. Tunaliita changamoto. Bomba limepasuka, mshahara umechelewa, paa la darasa limeondoka na upepo: zote ni changamoto, na hakuna hata moja yenye mwenyewe. Nimewahi kupokea barua ya ofisi iliyoniarifu kwamba malipo yangu yamepata changamoto, kama vile malipo yalikuwa yanatembea zake barabarani yakakutana na mbwa. Muuguzi alicheka mpaka kahawa ikampalia.

WAKILI: Ndiyo maana nasema, mtafsiri asilibebe hili neno kama mzigo wa wenyewe. Alifungue. Kama ni ajali aandike ajali, kama ni wizi aandike wizi. Tazama ndugu yake wa siku hizi, inappropriate, aliyejaa kwenye barua za maofisini. Mtu amemshika mwenzake asipotakiwa, barua inasema mwenendo haukuwa appropriate. Hata Rais Clinton, Agosti 1998, alipokiri mbele ya Wamarekani kwamba uhusiano wake wa nje ya ndoa haukuwa appropriate, papo hapo aliongeza kwamba ulikuwa kosa. Alijua neno la kwanza peke yake halitoshi.

MUUGUZI: Kaka, umesema vizuri, na kwa siasa nakubali. Lakini kwangu mimi umekosea kabisa.

Akaivuta karatasi, akaigeuza upande wa nyuma, akachora mti. Mti mbaya, lakini tulielewa ni mwembe.

MUUGUZI: Mtoto amepata chanjo. Siku ya nane anaanguka kutoka kwenye huu mwembe, anavunjika mkono. Naandika au siandiki?

WAKILI: Mwembe na chanjo wapi na wapi?

MUUGUZI: Naandika. Sharti niandike, kwa sababu mimi sijui. Mtoto mmoja akianguka, ameanguka. Wakianguka thelathini, na wote ni wa kundi lililopata chanjo, huenda chanjo inaleta kizunguzungu. Siwezi kulijua hilo kama kila muuguzi mezani kwake ameshaamua kuwa mwembe hauhusiki. Ndiyo maana "madhara" lilikatwa. Madhara ni ya kitu, madhara ya dawa, madhara ya pombe. Nikimwambia mama aniletee madhara ya chanjo, ataninyima habari ya mwembe, tena kwa nia njema. "Maudhi" nalo ni hivyohivyo. Kina mama wamelizoea kliniki ya uzazi wa mpango, maudhi madogo madogo, lakini ni maudhi ya vidonge.

Mwalimu alikuwa amenyamaza, na Mwalimu hanyamazi bure.

MUUGUZI: Mnakumbuka ile chanjo ya malaria, RTS,S? Jaribio lake kubwa lilianza 2009 likaisha 2014, vituo 11, nchi saba za Afrika, watoto zaidi ya elfu kumi na tano. Korogwe walikuwamo, Bagamoyo walikuwamo, Kilifi, Siaya na Kombewa kule Kenya. Walipohesabu, homa ya uti wa mgongo ilionekana imewapata zaidi waliopewa chanjo hiyo kuliko wasiopewa. Hakuna aliyejua kwa nini. Ingekuwa kila mmoja aliandika "madhara", chanjo ingezikwa siku ileile. Ingekuwa waliacha kuandika kwa sababu hawaoni uhusiano, tusingejua kwamba kuna swali. Wakaliandika bila kulipa baba. Kuanzia 2019 chanjo ikapelekwa kwa watoto wengi zaidi, Kenya, Ghana na Malawi, na jambo hilo likafuatiliwa kwa makusudi. Haukuonekana uhusiano. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kwa hiyo hapa neno lisilomtaja mkosaji halijakwepa kitu. Linasubiri ushahidi, na wewe kaka kwa kazi yako ungepaswa kulipenda.

Wakili alikuna kidevu. Sijawahi kumwona akikosa la kusema kwa muda mrefu hivyo.

MIMI: Na "lisilotarajiwa" lilikosa nini?

MUUGUZI: Homa baada ya sindano inatarajiwa. Imeandikwa kwenye vipeperushi. Lakini ikija, naiandika. Na ipo ripoti nyingine, ya haraka, ya yale mazito ambayo kweli hayakutarajiwa na yanayoshukiwa kutokana na dawa. Nikilitumia neno moja kwa yote mawili, siku moja mtu atachelewesha ripoti ya kifo akidhani ni fomu ya kawaida. Na "lisiloelekea", Mwalimu, unisamehe. Mama ataniuliza lisiloelekea wapi.

MWALIMU: Nimekusamehe kwa sababu umesema kweli. Siyo kwa sababu sikuumia.

Sauti zilikuwa zimepanda bila wenyewe kujua. Pazia la mlango likasogea, mkewe Mwalimu akachungulia, mikono ina unga.

"Mbona kelele? Kuna neno?"

"Hakuna neno, Bi Mkubwa," tukajibu kwa pamoja, kama watoto wa chuoni.

Akarudi ndani. Mwalimu alibaki mdomo wazi, halafu akajipiga kofi la paja lililoshtua kuku.

MWALIMU: Mmesikia? Kuna neno! Waingereza leo neno hili wanalipenda zaidi kwenye kukanusha au kuuliza. Mlinzi anaandika kwamba usiku kucha hakuna lolote untoward. Mwenye nyumba anauliza kama kuna lolote untoward kati ya mpangaji na binti yake. Sisi tunasema hakuna neno. Na likiwapo, pana neno hapa. Pana kitu hakijakaa sawa, sijui ni nini, sijui ni nani, lakini hapajatulia. Hilo ndilo lenyewe! Tumelitafuta neno tangu alasiri, kumbe ni neno.

Nimelifikiria sana tangu siku ile, na naona Mwalimu alipatia kuliko hata alivyodhani. "Kuna neno" inabeba yote mawili yaliyokuwa yakigombaniwa. Anayesema "pana neno" anaweza kuwa anaficha, kama wale wa 1828, au anaweza kuwa anangoja ajue, kama Muuguzi na mwembe wake. Tofauti huonekana kwa anachofanya baada ya kusema. Wellington alisonga mbele. Muuguzi anafungua jalada.

WAKILI: Basi andika, dada. "Neno lolote litakalompata mtoto."

MUUGUZI: Hapa Tanga wangenielewa. Karatasi hii inakwenda mpaka Tabora na Mara. Kule nikisema neno limempata mtoto, watauliza nani amemtukana.

Hakukuwa na ubishi. Muuguzi alichukua kalamu ya Mwalimu, ile ya magazeti, akaandika chini ya mwembe, akafuta, akaandika tena. Mwalimu aliingilia mara moja tu, kuondoa "kitabibu", kwa hoja kwamba mama hana tabibu nyumbani, ana mtoto. Wakili alidai lazima ionekane kwamba mzazi halazimiki kujua chanzo. Mimi nilitaka liwemo neno "hata", kwa sababu bila "hata" watu huficha madogo. Mwishowe lilisomeka hivi:

"Tatizo lolote la kiafya likimpata mwanao, hata dogo, hata kama unaona halihusiani na chanjo, tuambie."

MWALIMU: Neno moja la Kiingereza limekula mstari mzima.

MUUGUZI: Acha lile, Mwalimu. Mama atapiga simu.

Mwalimu alisoma mara mbili, akasema "tatizo" halimridhishi, kwamba vipimo vya damu vinaweza kubadilika na mtoto anacheza vizuri tu, sasa tatizo liko wapi? Muuguzi akamjibu kwamba vipimo vya damu havisomwi na mama, vinasomwa na yeye, na yeye Kiingereza anakijua. Akaikunja karatasi mara nne kwenye mikunjo ileile. Adhana ya magharibi ikatukuta tunakusanya vikombe.

Ijumaa fomu ilirudi kutoka kwa msimamizi. Kalamu nyekundu ilikuwa imegusa mahali pamoja tu: "mwanao" imegeuzwa "mtoto wako".